Mshairi wa Pwani Afikapo Iyunga

Imeenea visiwani, na hasa katika mabaraza ya watunzi, dhana kwamba msafiri wa kweli haajiri kiongozi. Kiongozi, husemwa, ni wa mtalii: yule ashukaye na kofia pana na chupa ya maji, asiyejua hata kuuliza bei ya ndizi. Msafiri, na zaidi msafiri mshairi, huingia nchi ya watu kwa miguu yake na kwa macho yake. Na akiwa Mswahili, huingia pia na ufunguo ambao Mzungu hana, nao ni lugha. Mwenye Kiswahili, dhana hiyo yamalizia, hapotei popote kuanzia Lamu hadi Tunduma.

Ni dhana tamu kuisikia na nyepesi kuisema juu ya kikombe cha kahawa. Ubaya wake huonekana pale inapovushwa bahari, ikapandishwa basi au gari moshi, ikateremshwa Iyunga.

Iyunga ni kata ya Jiji la Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma na mpaka wa Zambia. Si mahali pa picha za kadi. Pana viwanda, pana shule ya sekondari ya ufundi ijulikanayo mbali, pana malori yasiyokwisha, na reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, hupita jirani ikielekea Kapiri Mposhi. Hewa ni ya mwinuko wa mita zipatazo 1,700. Mwezi wa Juni mtu wa Unguja aliyekuja na kanzu moja nyepesi hutambulikana kwa namna anavyojikunja. Basi msafiri ashuka. Asalimu kwa Kiswahili, ajibiwa kwa Kiswahili. Auliza njia, aonyeshwa. Aketi kula wali, na wali wenyewe aujua kwa ladha, kwani mchele wa Mbeya ndio aununuao Darajani kwa pilau la Idi. Hapana kilichomzuia wala kilichomtatiza. Jioni hutoa kalamu, akatunga beti zake juu ya ukarimu wa Wanyakyusa wa Iyunga.

Hapo amekwisha kupotea, naye hana habari. Iyunga, kama ilivyo Mbeya mjini, ni nchi ya Wasafwa. Wanyakyusa, ambao kwao ni Rungwe na Kyela, kusini kuelekea Ziwa Nyasa, wako wengi mjini. Wanafanya biashara, wanasomesha, na lugha yao husikika kwa wingi sokoni. Lakini mtu wa nje aliyezoea kumwita kila mtu wa Mbeya Mnyakyusa amewafuta kwa neno moja wenye ardhi aliyoikanyaga, na pamoja nao majirani zao Wamalila na Wasangu. Nani atamsahihisha barabarani? Adabu ya kumpokea mgeni haimruhusu mwenyeji kuanza kwa kumkosoa. Na Kiswahili chenyewe, ambacho ndicho tegemeo la msafiri, ndicho kilichomfichia tofauti hiyo, maana wote waliomjibu wamemjibu kwa lugha moja. Kimemfungulia ukumbi, vyumba vya ndani vimebaki na makomeo yake.

Mfano wa pili ni mdogo, ila unauma zaidi kwa kuwa ni wa watu wa maneno. Katika Kiswahili cha pwani mbeya ni mdaku, mtu wa kuchukua habari huku na kuzipeleka kule. Ni wachache waliokwenda nyanda za juu wakaweza kujizuia na mzaha huo. Umechakaa kama shuka la nyumba ya wageni, na bado huletwa mbele ya wasikilizaji kama mpya. Lau mtunzi angelikuwa na mtu wa kumuuliza, angeliambiwa simulizi ambayo wenyeji huisimulia, kwamba jina hilo latokana na neno la Kisafwa la chumvi, kwa sababu ya wafanyabiashara waliokuwa wakija kubadilishana chumvi na mazao. Iwe simulizi hiyo ni sahihi au si sahihi, ndani yake mna soko, mna njia, mna wageni waliotangulia. Mshairi aliikosa kwa kuwa alikuwa akijichekesha mwenyewe.

Wanaotetea safari ya peke yake hupenda kutaja mababu. Husema watu wa pwani walikwenda bara karne nzima bila ya kushikwa mkono na mtu. Hoja hii yafaa kuchunguzwa, kwani historia yasema kinyume chake. Msafara wa pwani haukuondoka Bagamoyo bila kirangozi. Ndiye aliyetangulia na bendera, amevaa vazi la kumtambulisha, na ilikuwa mwiko mpagazi kumpita njiani, aliyempita alitozwa. Mara nyingi hakuwa mtu wa pwani hata kidogo. Alikuwa Mnyamwezi, mtu aliyeijua njia kwa kuwa ni njia ya kwao. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, ambaye maisha yake aliyasimulia kwa Kiswahili mwenyewe, alifika Urori, yaani nchi ya Wasangu, katika ujana wake wa biashara. Alikuwa na mali, alikuwa na bunduki, alikuwa na Kiswahili. Hata hivyo watu kama yeye hawakupata kudhani kwamba lugha yao peke yake itawaonyesha kisima kilipo, au ni mtawala yupi wa kupelekewa zawadi kwanza. (Kwamba misafara hiyo ilibeba pembe na watumwa ni jambo lisilofichika, na ni sababu nyingine ya mtu wa pwani kuuliza kabla ya kusema afikapo nyanda hizo. Yako mambo yanayokumbukwa vizuri zaidi na waliotendewa kuliko waliotenda.)

Na wakati visiwa vilipokuwa mlango wa wasafiri wa Ulaya, ni watu wa Unguja waliokuwa viongozi wao. Sidi Mubarak Bombay, aliyezaliwa Myao, akauzwa utumwani, akapelekwa India, akarejea Unguja huru, alikuwa pamoja na Burton na Speke walipokwenda Ziwa Tanganyika mwaka 1858. Akawa pamoja na Speke na Grant kati ya 1860 na 1863. Akawa pamoja na Stanley mwaka 1871. Na alikuwa pamoja na Cameron alipolivuka bara zima kati ya 1873 na 1875. Wazungu hao wanne au watano waliandika vitabu vyao wakajiita wagunduzi. Njia waliyoigundua ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Kisa kinachogusa nyanda za juu za kusini ni cha James Chuma. Huyu ni yule ambaye pamoja na Abdullah Susi na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo hadi Bagamoyo. Mwaka 1879 Jumuiya ya Kijiografia ya London ilimtuma Keith Johnston aende kutoka Dar es Salaam hadi kaskazini ya Ziwa Nyasa. Johnston alifariki Behobeho, katika nchi ya Rufiji, kabla safari haijafika mbali. Msafara ukabaki mikononi mwa Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika kabla ya hapo. Ulifika Nyasa. Ukafika Tanganyika. Ukapita Ziwa Rukwa, ukarudi pwani. Aliyekuwa mkuu wa wapagazi, aliyewachagua watu wake Unguja, aliyezungumza na machifu, ni Chuma. Atakayesoma habari hizo bila upendeleo atajiuliza ni nani hasa aliyemwongoza mwenzake.

Basi ni ajabu iliyoje kwamba wajukuu wa mji uliowatoa watu hao ndio leo waonao haya kumlipa kijana wa Iyunga ili awatangulie mlimani! Kama ni kufuata mababu, mababu walilipa.

Ipo hoja ya upande wa pili ambayo haina budi kupewa haki yake, nayo ni hoja ya uongo. Visiwani watu wanawajua viongozi. Wanawajua kiasi cha kuwapa jina la papasi, mdudu anyonyaye damu usiku. Wanajua jinsi mgeni anavyozungushwa Mji Mkongwe kutwa nzima, kila duka analoingizwa likiwa la rafiki. Wanajua kwamba watalii wengi hushushwa katika vyumba vya chini vya jengo la wamisionari pale Mkunazini, wakaambiwa kwa sauti ya huzuni kwamba humo ndimo watumwa walimofungwa wakisubiri mnada, ilhali soko lilifungwa mwaka 1873 na jengo hilo lilijengwa miaka mingi baadaye. Utumwa ulikuwa wa kweli na mateso yalikuwa ya kweli. Hakukuwa na haja ya kuyatafutia chumba. Lakini mgeni anataka kuona, na kiongozi anataka bakhshishi, na hapo ndipo hadithi inapokamilishwa.

Kwa hiyo mtu wa visiwani anapokwenda bara huenda na shaka ya mwenye duka aijuaye mizani yake mwenyewe. Shaka hiyo ni halali. Isipokuwa dawa aliyoichagua si dawa. Uongo wa kiongozi mbaya huondolewa kwa kiongozi mwema, au kwa viongozi wawili wasiokubaliana. Hauondolewi kwa mtu kujifungia na ujinga wake akauita uhuru. Msafiri wa peke yake naye anaongozwa. Anaongozwa na yale aliyoyasikia kabla ya kuondoka, na maneno haya huwa hayana wa kuyapinga. Yule aliyeandika Wanyakyusa wa Iyunga hakudanganywa na papasi yeyote. Alijidanganya bure, bila hata kutoa senti.

Tazama pia kinyume kinachokaa kimya katika jambo hili. Zanzibar ina Sheria ya Utalii ya mwaka 2009, na kumtembeza mgeni kwa malipo bila leseni ni kosa. Watu wa visiwani wanaitetea sheria hiyo, na wana sababu: hawataki mgeni aingie vijijini peke yake, apite mbele ya msikiti na kaptura wakati wa sala, apige picha za wanawake wanaopalilia mwani, kisha aende zake kuandika alichokiona. Husema mgeni kama huyo anahitaji mtu wa kumwambia hapa hapapitwi. Ni kweli. Mbona basi sheria hiyo hiyo wanaiacha bandarini wanapopanda boti? Milima ya Mbeya nayo ina mahali pasipopitwa ovyo. Pana misitu ambamo wazee wamefanya matambiko tangu zamani, na mtu asiyeambiwa ataona miti tu. Ziwa Ngozi, lililomo ndani ya shimo la volkano katika safu ya Poroto, limezungukwa na kingo za mwinuko mkali zilizofunikwa na msitu. Wakati wa mvua njia huteleza kama sabuni. Wenyeji husimulia kwamba lina nguvu zake, na wengine husema Wajerumani waliacha mali humo walipokimbia vita. Msafiri wa peke yake atafika ukingoni akivuta pumzi, atatazama maji, ataandika kuwa ni ya kijani. Hayo hata picha inayasema.

Mfano wa Kimondo cha Mbozi ni mwepesi zaidi kuueleza. Jiwe hilo la chuma, lenye uzito wa tani zaidi ya 10, liko katika mkoa ambao tangu mwaka 2016 unaitwa Songwe, safari isiyo ndefu kutoka Iyunga. Vitabu vingi husema liligunduliwa mwaka 1930. Liligunduliwa na nani? Waliolima kando yake walikuwa wakilijua vizazi kwa vizazi. Neno kugundua, linapoandikwa na mtu wa nje juu ya kitu kilichokuwa uani kwa watu, huwa na maana moja tu, kwamba mwandishi hakumuuliza mwenye ua. Na mshairi wa Kiswahili anayepita hapo akaandika kwamba ameligundua jiwe la mbinguni katika upweke wa nyika, kwa fahari yote ya vina vyake, yuko katika foleni hiyo hiyo ya tangu 1930.

Hoja iliyobaki ndiyo inayosemwa kwa sauti ya chini, nayo ndiyo yenye uzito wa moyo. Ni kwamba Mzanzibari aliyeko Mbeya yuko nchini kwake. Tangu Aprili 1964 ni raia pale kama alivyo raia Mtambwe au Makunduchi. Kumlipa mtu amtembeze ni kukiri kwamba ni mgeni katika taifa lake. Kuna tena na fedheha ya fedha: pwani imefunzwa kwamba mgeni hupokewa, halipi, na kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kuingiza ujira katikati ni kuugeuza ugeni kuwa biashara.

Lakini uraia na uenyeji ni vitu viwili. Mtu wa Mkunazini akifika Micheweni, kisiwa cha pili tu, wala si bara, huhitaji Mpemba wa kumwonyesha ni ng'ambo ipi ya mkondo inayovukika maji yakitoka. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuuliza huko amevunja umoja wa Zanzibar. Cheti cha kuzaliwa hakimfundishi mtu majina ya chemchemi. Na kuhusu fedha, msemo wa jembe usikatwe katikati. Siku ya tatu mgeni hupewa jembe ili afanye kazi pamoja na wenyeji, asiwe mzigo. Msafiri mshairi hapewi jembe; ana haraka, basi lake laondoka kesho alfajiri. Siku nzima ya mwenyeji anaichukua, siku ambayo mwenzake angelikuwa shambani kwenye viazi au dukani, akimsimulia mambo ambayo kesho yatachapishwa kwa jina la mtu mwingine. Kuuita huo ugeni ili kukwepa kulipa ni kuutumia vibaya ukarimu wa watu. Ujira ndio jembe la mwenye haraka.

Si kila hatua ya safari inayotaka kiongozi, na ni vyema jambo hili lisemwe ili wanaolipinga wasilipanue. Mabasi hayataki kiongozi. Gari moshi halitaki kiongozi. Soko la Mwanjelwa mtu na alizunguke mwenyewe apotee humo saa mbili, hasara yake ni jasho tu. Kuna mahali pengine ambapo kiongozi huwa amekwisha kuwekwa na wenye mahali: Kalenga, karibu na Iringa, ambako fuvu la Mkwawa limehifadhiwa tangu liliporejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, mgeni akitulia mbele ya mlinzi wa makumbusho badala ya kukimbilia kibao kilichoandikwa ukutani, ataelewa kwamba hasimuliwi habari za mfalme aliyekufa 1898 tu, anasimuliwa habari za ukoo. Kiongozi anahitajika pale kitu kinapokuwa na wenyewe lakini hakina kibao.

Wala asitafutwe stendi. Anayemkimbilia mgeni akimshika begi kabla hajashusha mguu wa pili hakuletwa na elimu. Mtu na aulize katika ofisi ya serikali ya mtaa, shuleni, kwa mwenye nyumba ya wageni. Aulize nani hapa ni Msafwa anayezijua habari za kwao na ana nafasi kesho. Anaweza kuelekezwa kwa mwalimu aliyestaafu, au kijana aliyekuwa akichunga ng'ombe chini ya mlima Loleza, au mama anayeuza parachichi ambaye babu yake alikuwa mtu wa mambo hayo. Ujira ukubaliwe kabla ya kutoka, kwa hesabu iliyo wazi, na ulipwe wote bila ya kukumbushwa. Akisema jambo ambalo mshairi analitilia shaka, mshairi aulize kwa mwingine. Kiongozi si msahafu.

Na jina lake liandikwe. Hili ndilo ambalo watunzi wa visiwani hawajalitenda hata pale walipokuwa na kiongozi. Beti huja zimejaa mlima, ukungu, baridi, migomba, na mtu mmoja asiye na jina anayeitwa mzee au mwenyeji, ambaye kazi yake ni kuinua mkono na kuelekeza. Ndivyo walivyoandika Wazungu, na bado walikuwa afadhali, maana Bombay walimtaja, wakamtia na matusi, lakini walimtaja. Mwaka 1876 Jumuiya ya London ilimpa medali ya fedha na pensheni. Mshairi anayesema Kiswahili, anayejua thamani ya kujitaja mwenyewe katika ubeti wa mwisho, hana udhuru. Nafasi ipo, ubeti wa tamati una mizani ya kutosha majina mawili. Mwenyewe kiongozi akiridhia, na awekwe humo, na kaya yake itajwe, ili mtu wa Iyunga atakayelisoma shairi aweze kwenda kumuuliza kama kweli alisema hivyo. Watunzi wengi watalikataa jambo hili kwa sababu hiyo hiyo.

Baada ya hapo msafiri ana ruhusa ya kwenda peke yake. Akitaka kuendelea mbele hadi Malawi, apande gari la Kasumulu. Akitaka Zambia, apande la Tunduma. Asinunue Mbeya tiketi ya kumfikisha mji mkuu wa nchi ya pili kutoka kwa mtu aliyemkuta kasimama nje ya ofisi, kwani wengi wamegundua mpakani kwamba basi lao linaishia hapo. Avuke kwa miguu, abadilishe fedha mahali penye dirisha na risiti. Huko mpakani hapana wa kumfasiria kitu: pana foleni, pana muhuri, na vijana watakaojitolea kumwongoza mita mia mbili ambazo anaziona kwa macho yake.